Lava ya kale inavyotueleza bamba la Pasifiki lilianza kuzama lini

Mwalimu mmoja wa jiografia kutoka Iringa ametuandikia hivi: "Nimesoma kwamba bamba la Pasifiki lilianza kuzama chini ya bamba la Bahari ya Ufilipino miaka milioni 52 iliyopita. Wanafunzi wangu wameniuliza swali nikakosa jibu: ikiwa sehemu ya bamba iliyozama imekwisha kupotelea ndani ya Dunia, tarehe hiyo ilipatikana wapi, na kwa nini tuiamini?"

Mwalimu, tarehe hiyo haikutafutwa kwenye bamba lililozama, yaani kile kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la Dunia kilichoteremka chini ya jirani yake. Ilitafutwa kwenye lile lililobaki juu. Bamba la sakafu ya bahari linapoanza kuzama, ukingo wa bamba lililo jirani yake huvutwa, hutanuka na kupasuka, na katika nyufa hizo hupanda lava ambayo haifanani na lava ya volkeno za kawaida. Lava hiyo ikiisha kuganda hubaki na vitu viwili: kemia inayoeleza ilizaliwa katika mazingira gani, na atomu nururifu, yaani zinazooza zenyewe kwa kasi isiyobadilika, ambazo zinahesabu miaka tangu ilipopoa. Miaka milioni 52 ni zao la kuvisoma vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu umri peke yake ungetuambia tu kwamba hapo palimwagika lava, na kemia peke yake isingetuambia ni lini. Niseme mapema pia jambo ambalo maandishi mengi hulipita haraka: tarehe hiyo ni ya lava ya kwanza, si ya kuzama kwenyewe. Kuzama hakuwezi kuwa kulianza baada yake, lakini kunaweza kuwa kulianza kabla, na swali la "kabla kwa kiasi gani" ndilo linalowagawa watafiti mpaka leo.

Mahali panapohusika ni tao la Izu, Bonin na Mariana, mstari wa visiwa na volkeno za chini ya maji wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,800, unaoanzia kusini mwa Tokyo na kupita kisiwa cha Guam. Mashariki yake umo mfereji wa bahari ambao sehemu yake ya kusini, yaani Mfereji wa Mariana, ina kina kikubwa kuliko mahali pengine popote baharini, karibu mita 11,000. Watafiti walipachagua hapa kwa sababu nzuri. Katika maeneo mengi ya aina hii, kama pwani ya magharibi ya Amerika Kusini, kuzama kumeendelea kwa muda mrefu mno, na miamba ya mwanzo imefunikwa, imemomonyoka au imeyeyushwa upya na magma ya baadaye. Katika tao la Izu, Bonin na Mariana hakuna bara lililogongana nalo na kulivuruga, mashapo yaliyofunika miamba upande wa mfereji ni membamba, na mteremko unaoshuka kwenye mfereji uko wazi kama ukuta wa kisima kilichochimbwa lakini hakijajengewa: anayeshuka huona tabaka moja baada ya jingine.

Na watu wameshuka kweli. Nyambizi ya utafiti ya Japani iitwayo Shinkai 6500, ambayo jina lake linataja kina cha mita inachoweza kufikia, imechukua mawe kwenye mteremko huo mara nyingi. Chini kabisa walikuta peridotaiti, mwamba mzito wa koti la Dunia, yaani tabaka nene la mwamba wa moto lililo chini ya ganda. Juu yake ilifuata gabro, ambayo ni magma iliyoganda polepole kabla ya kufika juu, kisha basalti, yaani lava nyeusi iliyoganda, kisha mwamba uitwao boninaiti, na juu zaidi lava za aina ya volkeno za visiwa tunazozijua leo. Boninaiti ilipewa jina kutokana na visiwa vya Bonin, vinavyoitwa Ogasawara kwa Kijapani, na katika kisiwa cha Chichijima inaonekana nchi kavu, hali ambayo ni nadra duniani.

Hapa ndipo kemia inapoanza kusema. Basalti ile ya chini inafanana sana na ile inayomwagika kwenye migongo ya katikati ya bahari, mahali ambapo mabamba yanaachana. Ilizaliwa koti la Dunia lilipopanda juu na kupunguziwa mgandamizo, likayeyuka bila kusaidiwa na maji. Hata hivyo ina tofauti ndogo inayoitambulisha, hasa uwiano wa titani na vanadi ulio mdogo, unaoonyesha kwamba koti lililoyeyuka lilikuwa limekwisha kupungukiwa na baadhi ya elementi zake tangu zamani. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa inapatikana kati ya tao na mfereji, ilipewa jina lake yenyewe: basalti ya mbele ya tao.

Boninaiti ni kiumbe kingine kabisa. Ina silika zaidi ya asilimia 52 na oksaidi ya magnesi zaidi ya asilimia 8, huku oksaidi ya titani ikiwa chini ya nusu ya asilimia moja. Mchanganyiko huo haupatikani kirahisi. Magnesi nyingi na titani kidogo maana yake ni kwamba koti lililoyeyuka lilikuwa limekwisha kukamuliwa mara moja, kama nazi iliyokwisha kutoa tui la kwanza, na sasa linakamuliwa tena. Koti la namna hiyo ni gumu kuyeyuka. Huyeyuka likipata joto kali na maji kwa wakati mmoja, na maji hayo hayana mahali pa kutoka isipokuwa kwenye bamba lililozama, ambalo limebeba madini na mashapo yaliyolowa chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo boninaiti inapotokea juu ya basalti isiyo na dalili ya maji, tunaona hatua mbili za tukio moja: kwanza bamba la juu linatanuka kwa sababu jirani yake anaanguka, kisha maji ya yule anayeanguka yanafika chini ya eneo lililotanuka. Mimi naona mfuatano huu kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko namba yoyote ya umri, kwa sababu hauwezi kupatikana kwa bahati tu.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe. Njia inayotumika zaidi kwa lava hizi ni ya potasiamu na arigoni, na msomaji wa Tanzania ana sababu ya kuifahamu. Mwaka 1961 njia hiyo ilitumika kwenye majivu ya volkeno ya Bonde la Olduvai, ikaonyesha kwamba tabaka lililotoa fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959, lina umri wa takribani miaka milioni 1.75. Kanuni yake haijabadilika. Katika kila atomu 10,000 za potasiamu ya kawaida, kama moja hivi ni potasiamu-40, ambayo ni nururifu na ina nusu-maisha, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ya miaka bilioni 1.25. Nyingi zinapooza hugeuka kalsi, lakini karibu moja kati ya kumi hugeuka arigoni-40. Arigoni ni gesi isiyoungana na kitu chochote. Lava ikiwa majimaji, gesi hiyo hutoroka. Lava ikiganda, arigoni inayozaliwa hufungwa ndani ya fuwele na kuanza kujilimbikiza. Ukipima potasiamu iliyopo na arigoni iliyokusanyika, unapata muda uliopita tangu mlango ulipofungwa.

Kusema hivyo ni rahisi, kupima ni kazi. Katika miaka milioni 52, ni atomu kama 3 tu kati ya kila 1,000 za potasiamu-40 zinazokuwa zimegeuka arigoni, na basalti ya mbele ya tao ina potasiamu kidogo mno tangu mwanzo. Zaidi ya hapo, mwamba huo umelala ndani ya maji ya chumvi muda wote huo. Maji ya bahari huingiza potasiamu mpya kwenye nyufa na kuyageuza madini ya awali kuwa udongo. Potasiamu iliyoingia baadaye huufanya mwamba uonekane kijana kuliko ulivyo, kwa sababu haijapata muda wa kuzaa arigoni. Upo pia udanganyifu wa upande wa pili: lava inayoganda ghafla kwenye kina kirefu, chini ya uzito wa kilomita kadhaa za maji, huweza kuifungia ndani arigoni ya koti ambayo ilipaswa kutoroka, na mwamba ukaonekana mzee kuliko ulivyo. Kwa hiyo ganda la kioo la nje ya lava, ambalo kwa macho ndilo linaloonekana safi kuliko yote, mara nyingi ndilo shahidi mbaya, na mtaalamu hupendelea sehemu ya ndani iliyopoa taratibu.

Dawa ya matatizo hayo ilitokana na wazo la miaka ya 1960. Badala ya kupima potasiamu kwenye kipande kimoja cha mwamba na arigoni kwenye kipande kingine, sampuli huwekwa kwanza ndani ya kinu cha nyuklia ipigwe na nyutroni, na sehemu ya potasiamu-39 iliyomo hugeuka arigoni-39. Tangu hapo potasiamu na arigoni vyote husomwa kama gesi moja, kutoka punje ileile, katika kipimo kilekile. Faida kubwa zaidi ni kwamba punje huweza kupashwa joto hatua kwa hatua kwa leza au tanuri, na kila hatua ikatoa umri wake. Sehemu zilizoharibiwa na maji huachia gesi mapema, kwenye joto dogo. Sehemu za ndani zilizo salama huachia baadaye. Hatua nyingi zinazofuatana zikitoa umri mmoja, mchoro wake huwa kama uwanda wa juu uliotandazika, na umri wa uwanda huo ndio unaokubaliwa. Hatua zikipanda na kushuka bila mpango, sampuli hutupwa, hata kama imegharimu safari ya meli nzima kuipata. Kabla ya yote hayo punje huoshwa kwa asidi na kuchaguliwa moja moja chini ya hadubini.

Njia ya pili haitegemei arigoni kabisa. Ndani ya gabro, ile iliyoganda chini ya lava, mara chache hupatikana fuwele ndogo za zirikoni. Zirikoni inapoumbika hupokea urani na kuikataa risasi, hivyo karibu risasi yote inayokutwa ndani yake baadaye ni mtoto wa urani. Urani nayo ina saa mbili kwa pamoja, moja yenye nusu-maisha ya miaka bilioni 4.47 na nyingine ya miaka milioni 704, na saa hizo mbili zisipokubaliana tunajua kuna kilichoharibika. Kwenye mteremko wa Bonin, zirikoni za gabro zilitoa umri wa karibu miaka milioni 51.7, na arigoni ya basalti iliyo juu yake ikatoa milioni 51 hadi 52. Kwa njia mbili zisizo na uhusiano wa kifizikia kufikia namba moja, katika miamba miwili iliyozaliwa na magma ya aina moja, neno "makisio" halitoshi tena kuielezea tarehe hiyo.

Mwaka 2014 meli ya kuchimba JOIDES Resolution ilikwenda huko kwa misafara mitatu mfululizo ya mpango wa kimataifa wa uchimbaji wa sakafu ya bahari. Msafara wa 352 ulitoboa mashimo katika sehemu nne mbele ya tao la Bonin. Sehemu mbili zilizo karibu zaidi na mfereji zilitoa basalti, na mbili zilizo mbali kidogo zilitoa boninaiti. Vipimo vya arigoni vilivyofuata vilionyesha kwamba basalti zilimwagika kati ya miaka milioni 51.9 na 51.3 iliyopita, na boninaiti zikaanza kufuata mnamo milioni 51.3 na kuendelea. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda haraka: hatua nzima ya basalti ilikwisha kwa muda usiozidi miaka milioni moja. Tena basalti na boninaiti hazikukutwa zimepangana juu kwa chini tu, bali pia ubavu kwa ubavu, jambo linaloonyesha kwamba sakafu mpya ya bahari ilikuwa ikifunguka kwa kasi na kila ukanda wake ukijazwa lava ya zamu yake. Volkeno za kawaida za tao zilikuja baadaye, mnamo miaka milioni 45 hadi 44 iliyopita, maana yake ni kwamba mfumo mzima ulihitaji miaka kama milioni 7 hadi 8 kutulia.

Hapo lazima niongeze tahadhari kuhusu desimali hizo, kwa sababu wanafunzi hodari watakutana na namba zinazotofautiana wakadhani mmoja wa waandishi amekosea. Kipimo cha arigoni hulinganishwa na madini ya kipimo-rejea ambayo umri wake umekubaliwa. Moja linalotumika sana ni fuwele za majivu ya kale ya Fish Canyon, katika jimbo la Colorado, Marekani. Umri wao uliokuwa ukitumika ulikuwa miaka milioni 28.02, kisha mwaka 2008 ukapendekezwa kuwa milioni 28.2. Mabadiliko hayo ni madogo, lakini kwa mwamba wa miaka milioni 52 yanausogeza umri kwa zaidi ya miaka 300,000. Kwa kisa hiki, ambamo hatua nzima ya basalti ilidumu miaka 600,000, hiyo si tofauti ya kupuuzwa, na mtu asilinganishe tarehe mbili kabla ya kujua kila moja ilipimwa kwa rejea ipi.

Turudi sasa kwenye lile nililolisema mwanzoni, kwamba lava ya kwanza si lazima iwe mwanzo wenyewe. Kisa kinachonifanya nishikilie jambo hili kiko Omani, na wasomaji wetu walioko Maskati hukiona kila wanapotazama milima myeusi iliyouzunguka mji. Milima hiyo ni sehemu ya Samail, kipande cha sakafu ya bahari pamoja na koti lake kilichosukumwa juu ya nchi kavu ya Arabuni. Huko Wadi Jizzi mtu anaweza kusimama mbele ya lava iliyoganda kwa umbo la mito ya kulalia, umbo linalopatikana inapomwagika ndani ya maji. Ganda la Samail limepimwa kwa zirikoni, na umri wake uko kwenye miaka milioni 96 hadi 95. Kemia yake inafuata njia ileile ya Bonin: lava za kwanza zinakaribia zile za migongo ya bahari, na za baadaye zina alama za maji, zikiwemo boninaiti.

Lakini Omani ina kitu ambacho tao la Bonin halijatupa kwa wingi huo. Chini ya sakafu ile iliyosukumwa umebaki ukanda mwembamba wa miamba geu, ambayo zamani ilikuwa juu ya bamba lililozama, ikabanwa na kuokwa ilipopita chini ya koti la moto, kisha ikabandika hapo. Ndani yake mna madini ya ganeti, na ganeti inaweza kupimwa umri kwa kuoza kwa elementi ya luteti kuwa elementi ya hafni. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ganeti hizo zilikua miaka milioni 104 hivi iliyopita, yaani miaka kama milioni 8 kabla ya lava ya kwanza inayojulikana ya Samail. Ikiwa ndivyo, bamba lilikuwa limekwisha kuanza kwenda chini, likisukumwa kwa nguvu kutoka mbali, muda mrefu kabla bamba la juu halijatanuka na kumwaga lava. Zirikoni kutoka miamba geu hiyohiyo, hata hivyo, zimetoa umri ulio karibu na milioni 96, na mjadala kuhusu kipi kinawakilisha mwanzo bado ni mkali. Kwa maoni yangu, vipimo hivyo viwili huenda havipingani kama inavyosemwa, maana ganeti na zirikoni hazikui kwenye joto na mgandamizo uleule, na mwamba mmoja unaweza kukumbuka mwanzo wa safari kwa aina moja ya madini na mwisho wake kwa nyingine.

Ndiyo maana swali la Pasifiki halijafungwa. Wako wanaoshika kwamba bamba zee na zito la Pasifiki lilianguka lenyewe kwa uzito wake, na hapo lava ingetokea mara tu baada ya kuanza kuzama. Wako wanaosema lilisukumwa kwanza. Wote wanatazama pia kona maarufu katika mnyororo wa volkeno za Hawaii, ambako mstari wa visiwa na milima ya chini ya bahari unabadilika kutoka kaskazini kwenda magharibi, badiliko ambalo wengi hulihusisha na mwendo wa bamba la Pasifiki. Kona hiyo zamani ilipewa umri wa miaka milioni 43, na vipimo vipya vya arigoni vimeirudisha nyuma hadi karibu milioni 47. Bado ni baada ya milioni 52, hivyo kona hiyo haiwezi kuwa sababu ya kuanza kuzama, ingawa inaweza kuwa sehemu ya matokeo yake. Kama umri wa zamani ungebaki, hata uhusiano huo wa matokeo ungekuwa mgumu kuutetea.

Kuhusu nyakati za kale zaidi, njia ni ileile ila mashahidi ni wachache. Huko Nuvvuagittuq, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada, watafiti wamekuta lava zilizogeuzwa sana ambazo mpangilio wake wa kemia kutoka chini kwenda juu unafanana na ule wa Bonin, lakini umri wake wenyewe unabishaniwa kati ya miaka bilioni 3.8 na zaidi ya bilioni 4.2. Nawe, Mwalimu, huna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika ukanda wa Usagara, kwenye miamba ambayo wanajiolojia wameipa jina la Isimani, kuna eklojaiti: mwamba ambao ulikuwa basalti kama ya sakafu ya bahari, ukashushwa kilomita nyingi chini hadi ukageuka kuwa ganeti na madini ya kijani yaitwayo piroksini, kisha ukarudishwa juu. Umri wa mageuzi hayo, uliotangazwa mwaka 1995, ni miaka bilioni 2 hivi, na kwa muda mrefu umekuwa miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi duniani kwamba sakafu ya bahari ilikuwa ikizama kwa namna inayofanana na ya leo. Ganeti hizo nyekundu huonekana kwa macho matupu, na kipande kimoja mezani darasani kitawaonyesha wanafunzi wako kwamba bamba lililozama halikupotea lote.